Jipu likivimba, linavimbishwa na bakteria au na mwili wenyewe?

#1 Mwana Mikindani

Habari wadau. Nina swali ambalo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mdogo wangu alichomwa na mwiba pajani tukifyekea mikorosho huko Tandahimba. Akauchomoa, akajifuta, kazi ikaendelea. Baada ya muda paja likavimba. Kwa weusi wetu wekundu huuoni, ila ngozi ilikaza mpaka ikang'aa, ukiweka kiganja unasikia moto, na kwenye kinena kukatoka mtoki uliomfanya achechemee.

Shangazi anasema ni damu chafu inatafuta pa kutokea, ikamuliwe. Kijana wa duka moja la dawa anasema ni bakteria, akatuuzia kapsuli bila hata kuliangalia paja. Jirani yetu aliyesomea uuguzi ndiye aliyenivuruga kabisa: anasema bakteria ni waanzilishi tu, lakini uvimbe, joto, maumivu na usaha vyote ni kazi ya mwili wa mdogo wangu mwenyewe.

Sasa mwili ujiumize kwa faida gani? Na kama ni kazi ya mwili, kwa nini tunameza vidonge vya kuondoa uvimbe? Wajuvi njooni.

#2 Korosho Ghafi

Naweka kambi hapa. Ila shangazi msimdharau. Bibi yangu wa Kitangari alinitumbua jipu utotoni, ulipotoka ule uchafu nikalala usingizi wa kweli usiku ule. Damu chafu ipo.

#3 Nesi wa Zamu

Mwana Mikindani, mpe pole mdogo wako. Kabla ya elimu, tuanze na usalama: MSIKAMUE. Ukikamua unavunja ukuta ambao mwili umeshauzungushia jipu, bakteria wanasukumwa ndani zaidi, hata kwenye damu. Jipu la karibu na pua au mdomo ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu mishipa ya pale inawasiliana na mishipa ya ndani ya fuvu.

Akianza kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, kuhema haraka, au uvimbe ukawa unasambaa huku unauona, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ulizeni pia chanjo ya pepopunda, mwiba wa shambani si wa kuuchukulia poa. Na apimwe sukari. Majipu ya kujirudia mara nyingi ndiyo yanayofichua kisukari, maana sukari ikiwa juu seli za kinga zinafanya kazi kwa uvivu.

Mtoki ni tezi ya limfu inayopokea maji yanayotoka mguuni. Umevimba kwa sababu seli za kinga zinazaliana humo. Ukiona mtoki, jua kazi inaendelea.

#4 Mwalimu Masasi

Nesi kamaliza upande wa usalama. Niende kwenye swali lenyewe, kwa sababu jirani yako hajakosea.

Mwiba ulipoingia uliingiza bakteria. Chini ya ngozi kuna seli zinazoishi humo siku zote, makrofaji na seli za mlingoti (wengine wanaziita seli za masti). Makrofaji ina vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi, kama vipande vya ukuta wa bakteria. Ikivigusa tu inatoa kemikali za kuita msaada, saitokini. Seli za masti zinamwaga histamini. Mishipa midogo ya damu inatanuka, damu nyingi inakuja, ndiyo maana pana joto. Kuta za mishipa zinalegea, maji ya damu yanavuja kwenye tishu, ndiyo maana pamevimba. Kemikali nyingine, hasa prostaglandini, zinafanya neva ziwe nyepesi kusikia maumivu.

Kuta zinalegea ili kupitisha neutrofili, aina ya seli nyeupe iliyo nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima. Uboho wa mifupa unatengeneza kama bilioni 100 kwa siku, na nyingi zinaishi muda mfupi sana. Zikifika jirani na jeraha zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanata, kisha zinajipenyeza nje na kufuata harufu ya kemikali mpaka kwa bakteria. Zinawameza.

Faida ni hiyo. Gharama yake ni sawa na watu wanaofukuza mwizi Soko Kuu: mwizi anakamatwa, lakini meza za nyanya zimeshapinduliwa. Zile kemikali za kuua bakteria hazichagui, zinaunguza na tishu za mwenye mwili.

#5 Tunduru Road

Mwalimu, hapo kwenye "zinawameza". Zikishameza bakteria anafia wapi? Au ndiyo wale wanaotoka kwenye usaha wakiwa hai?

#6 Maabara Lindi

Hilo ni langu, maana usaha ndio ninaoushika kazini.

Ukipaka usaha kidogo kwenye kioo, ukaweka rangi ya Gram (ya kuwaonyesha bakteria), ukatazama kwa lenzi ya mara 100 yenye tone la mafuta, unakuta uwanja umejaa neutrofili. Kiini chake kimekatika vipande vitatu, vinne, hata vitano, vimeunganishwa na uzi mwembamba. Ndani ya baadhi yake unaona vidoti vya zambarau vimejikusanya kama kichala. Hao ni stafilokoka, aina ya bakteria, wamemezwa. Wengine wako nje. Seli nyingine zimepasuka, hazina umbo.

Kwa hiyo Korosho Ghafi (#2), ule uchafu aliokutoa bibi haukuwa damu chafu. Ulikuwa neutrofili zilizokufa, bakteria waliokufa na wachache walio hai, na tishu iliyoyeyushwa. Ila bibi hakukosea kwamba ukitoka unapata nafuu.

Bakteria akimezwa anafungiwa kwenye kifuko ndani ya seli. Seli inavuta oksijeni nyingi kwa ghafla na kutengeneza haidrojeni peroksaidi, kisha kimeng'enya kiitwacho mailoperoksidesi kinaibadilisha kuwa asidi ya haipoklorasi. Ni kemikali ileile inayoua vijidudu kwenye jiki tunayofulia. Na ule ukijani wa usaha na makamasi mazito unatokana na kimeng'enya hicho, kina rangi ya kijani chenyewe.

#7 Binti Msangamkuu

Mungu wangu, tuna jiki mwilini 🙆🏾‍♀️

#8 Kivinje Mtupu

Nasoma kwa heshima, lakini mnawaonea bakteria huruma. Mnaongea kana kwamba wao wamekaa tu na mwili unajivimbia. Stafilokoka ana sumu zake mwenyewe. Kuna inayotoboa utando wa seli, kuna inayoua neutrofili moja kwa moja. Ana kimeng'enya cha kugandisha damu ajifiche ndani ya tonge. Streptokoka naye anayeyusha tishu ili asambae. Usaha mwingi unatokana na bakteria kuziua hizo seli, si seli kujifia kishujaa.

Mimi nasema bakteria ndiye mhusika mkuu, mwili unajibu tu.

#9 Mwalimu Masasi

Kivinje, sumu zipo, sibishi. Lakini sikiliza kisa cha panya.

Kuna bakteria wenye ukuta wa nje wenye kitu kinaitwa endotoksini. Ukimdunga panya wa kawaida endotoksini tupu, bila bakteria hata mmoja, kiwango cha kutosha kinamuua kwa mshtuko. Kuna ukoo wa panya wa maabara ambao ukiwadunga kiwango kilekile hawapati kitu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler Marekani likaonyesha sababu: panya hao wana kasoro kwenye jeni la kipokezi kimoja, TLR4. Miili yao haioni endotoksini. "Sumu" ni ileile, mwili haujibu, hakuna ugonjwa. Beutler alipata Nobeli mwaka 2011 pamoja na Jules Hoffmann, aliyefanya kazi kama hiyo kwa inzi wa matunda, na Ralph Steinman.

Sasa niambie nani muuaji pale.

#10 Kivinje Mtupu

Mwalimu umesimulia nusu. Panya haohao wasioona endotoksini ukiwapa salmonela walio hai wanakufa upesi kuliko wenzao, hata kwa bakteria wachache. Kwa hiyo bila mwili kujibu bakteria anamaliza mtu. Kisa chako kinanitetea mimi.

#11 Korosho Ghafi

Kivinje na Mwalimu mnafukuzana na panya mmoja, kila mtu kamshika mkia 😂 Endeleeni, tunajifunza.

#12 Babu wa Newala

Vijana, amani iwe kwenu. Nilifundisha sayansi zamani, niwape cha kiti cha pweza.

Wapwani mnakijua, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kinalala kwenye mchanga maji yakitoka. Mwaka 1882 huko Messina, Sicily, Mrusi Ilya Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, vidogo na vyenye mwili unaopenyeza mwanga, akavichoma kwa miiba midogo aliyoitoa bustanini. Asubuhi yake akatazama kwa hadubini. Seli zilizokuwa zinatembeatembea mwilini zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote. Viluwiluwi vile havina damu wala mishipa, lakini kazi ilikuwa ileile inayofanyika kwenye paja la kijana wa Tandahimba.

Wakati ule wengi waliamini seli hizo ni hatari, zinambeba bakteria na kumsambaza. Wengine, kama Paul Ehrlich, walisema kinga iko kwenye maji ya damu, si kwenye seli. Walibishana miaka na miaka. Mwaka 1908 Kamati ya Nobeli ikawapa tuzo wote wawili, wagawane.

#13 Binti Msangamkuu

Shikamoo babu. Asante, nitakipita kiti cha pweza kwa adabu kuanzia leo.

#14 Mwana Mikindani

Marahaba... samahani, shikamoo babu 🙏🏾

Taarifa: dogo amepasuliwa zahanati, umetoka usaha mwingi, wamemwekea utambi wa kitambaa kidondani. Sukari iko sawa. Homa ilikuwa 39 jana usiku, mama akamfunika mablanketi, mimi nikampa panado, tukagombana. Nani alikuwa sahihi?

#15 Nesi wa Zamu

Kupasua ndiyo tiba yenyewe ya jipu lililoiva. Antibayotiki hazipenyi vizuri ndani ya mfuko wa usaha. Utambi unazuia mdomo usifunge kabla ya chini kupona.

Mablanketi hapana, muwe mnamwacha apumue na anywe maji. Panado akiwa na maumivu, sawa. Ila diklofenaki kila saa bila ushauri sikubaliani nayo. Inatuliza uvimbe na maumivu, mtu anaona amepona, kumbe maambukizi yanasambaa kimyakimya chini ya ngozi.

Na tafadhali, anayefungua kapsuli na kumwagia unga kidondani aache. Nakutana nalo kila wiki, kuanzia Nanyamba mpaka mjini. Unga unaganda na majimaji, unafanya gamba, chini yake kidonda kinaoza. Dawa haifiki panapotakiwa, na bakteria wanaobaki wanajifunza usugu.

#16 Mtoto wa Nachingwea

Nesi, kwa homa mimi sikubaliani na panado kabisa. Homa inasetiwa na ubongo wenyewe: saitokini zinaufikia, prostaglandini inatengenezwa, kipimajoto cha ndani kinapandishwa. Mwili umekusudia. Mwaka 1975 watafiti Marekani waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani. Mjusi hana joto lake, anatafuta jua. Walioumwa walihamia sehemu za joto zaidi, na waliozuiwa kupata joto walikufa zaidi kuliko walioruhusiwa. Sasa kwa nini tuishushe?

#17 Nesi wa Zamu

Kwa sababu mgonjwa wangu si mjusi, mwanangu. Mtoto mwenye homa ya juu hanyonyi, hali, hanywi maji. Mzee mwenye moyo dhaifu mapigo yanamkimbiza. Tunashusha mateso ili mtu aweze kula na kunywa. Na huku kwetu homa yoyote kwanza pima malaria.

#18 Maabara Lindi

Wote mna hoja. Ila mjue wazee na watoto wachanga wanaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kabisa. Joto la kawaida lisiwafariji sana.

#19 Mbanguaji

Naomba niingilie kidogo. Mimi nabangua korosho, mikono yangu kila msimu inatoka malengelenge, inawasha, inavimba, halafu inachubuka. Usaha hakuna. Nimepewa antibayotiki na haikusaidia. Hao bakteria wako wapi?

#20 Korosho Ghafi

Mafuta ya ganda hayo dada, yanababua kama moto. Paka majivu mikononi kabla hujaanza, wazee wote wanafanya hivyo.

#21 Mwalimu Masasi

Mbanguaji, umeleta jambo zuri sana, kwa sababu linaonyesha uvimbe unaweza kutokea bila bakteria yeyote. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadi na kadoli. Kwanza yanaunguza, hapo Korosho Ghafi yuko sawa. Lakini kwa baadhi ya watu seli aina ya T (nazo ni seli nyeupe za kinga) zinayatambua kama adui baada ya kukutana nayo. Safari inayofuata mtu akigusa kidogo tu, siku moja au mbili baadaye ngozi inafumuka. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, kuna watu utomvu wa embe nao unawatoa vipele midomoni.

#22 Mbanguaji

Asante Mwalimu. Mimi embe bichi linanitoa vipele kweli! Nilidhani ni uchafu wa sokoni.

#23 Nesi wa Zamu

Mbanguaji, glavu, na unawe kwa sabuni kabla hujashika uso au mtoto. Malengelenge yakipasuka ndipo bakteria wanapopata mlango, hapo sasa antibayotiki inaweza kuhitajika.

Na usikimbilie krimu kali zenye steroidi unazouziwa kienyeji. Zinazuia seli za kinga kuja, uwekundu na kuwasha vinaisha, halafu fangasi na bakteria wanajitanua. Vilevile akina dada wanaomeza deksamethasoni, nayo ni steroidi, ili wanenepe, naumia sana nikiwaona. Dawa hiyo ina mahali pake. Kwenye UVIKO mwaka 2020 utafiti mkubwa Uingereza ulionyesha inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia, kwa sababu pale kinga yenyewe ndiyo ilikuwa inaharibu mapafu. Mtu mzima wa afya akiimeza miezi kwa ajili ya mashavu, siku akipata jipu kama la huyu kijana atashtuka limeshaingia kwenye damu.

#24 Kivinje Mtupu

Mmeona? Ukizima kinga, bakteria anakula nyama. Narudi palepale pangu pa #8.

#25 Tunduru Road

Mwenzenu nilipima FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu), nikaambiwa seli nyeupe ni 3,400 na kawaida inaanzia 4,000. Nimeishi na hofu tangu siku hiyo, nikajipima Ukimwi, sina. Nina kinga ndogo?

#26 Maabara Lindi

Tunduru, tulia. Vipimo vingi tunavyotumia viliwekwa kwa kupima Wazungu. Waafrika wengi hatuna alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na kukosa alama hiyo kunatufanya tuzuie malaria ya vivaksi isiingie kirahisi. Jeni hilohilo linaendana na kuwa na neutrofili chache kwenye damu, na watu hao hawaugui zaidi ya wengine. Kinachotutisha sisi maabara ni zikishuka sana au zikishuka ghafla, hasa ukiwa na homa. Rudia kipimo ukiwa mzima, umwonyeshe daktari majibu yote mawili.

#27 Tunduru Road

Umeniondolea mzigo ndugu yangu. Mungu akubariki.

#28 Mtoto wa Nachingwea

Hakuna aliyetaja nyavu! Mwaka 2004 watafiti Berlin walionyesha kwamba neutrofili ikizidiwa inaweza kupasuka na kurusha nje DNA yake yenyewe, imepakwa kemikali za kuua, bakteria wananasa humo. Wavuvi wa Msangamkuu mmesikia?

#29 Binti Msangamkuu

Tumesikia, na samaki wetu wana akili, wanatoboa nyavu. Bakteria je?

#30 Mtoto wa Nachingwea

Wanatoboa! Stafilokoka ana kimeng'enya cha kukata DNA. Na nyavu hizo zikizidi zinachangia damu kuganda kwenye mishipa. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama zinasaidia zaidi au zinadhuru zaidi.

#31 Mzee wa Mchinga

Nawasoma tangu mwanzo. Mimi nina matende mguu wa kushoto, wa zamani. Mara kwa mara mguu unachachamaa: homa, kutetemeka, mtoki, ngozi inawaka moto, nalala siku kadhaa. Kila ukichachamaa ukipoa unabaki mnene kuliko mwanzo. Nimemeza dawa za kampeni kila zilipopita kijijini. Je, ni minyoo inapigana, au ni hizi seli zenu?

#32 Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee, pole sana. Minyoo ya matende imeharibu njia za limfu mguuni mwako, maji hayatoki vizuri na seli za kinga hazifiki inavyotakiwa. Bakteria wa kawaida, hasa streptokoka, wanaingia kwenye nyufa za katikati ya vidole. Mashambulizi mengi ya homa ni hao. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini, tibu fangasi, uinue mguu ukikaa, vaa viatu vya wazi visivyobana. Nimeona watu wakipunguza mashambulizi kwa sabuni tu. Ukichachamaa tena, njoo kituoni upate antibayotiki mapema.

#33 Mwalimu Masasi

Nesi, naongezea. Ndani ya minyoo hiyo kuna bakteria anaitwa Wolbachia, anaishi humo na mnyoo hawezi kuzaa vizuri bila yeye. Mnyoo akifa, Wolbachia wanamwagika na makrofaji zinawashambulia. Kwa hiyo homa nyingine za matende zinaweza kutokana na minyoo inayokufa, ndiyo maana wengine wanaugua baada ya kumeza dawa za kampeni.

#34 Nesi wa Zamu

Kwa mgonjwa mpya sawa. Kwa mguu wa siku nyingi kama wa mzee, mara nyingi minyoo haipo tena. Nabaki na nyufa za vidole.

#35 Kivinje Mtupu

Na mimi kwa mara ya kwanza nipo na Nesi. Bakteria tena hao.

#36 Mzee wa Mchinga

Ahsanteni wanangu. Nikitaka kujua kama minyoo bado ipo nipimeje? Zamani walikuja kutuamsha usiku kutoboa vidole.

#37 Maabara Lindi

Ndivyo, mzee. Vijiminyoo vya aina ya huku vinajitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, ndio muda mbu wanapouma. Kwa hadubini tunachukua damu kati ya saa nne usiku na saa nane. Siku hizi kuna kipimo cha kadi kinachotafuta alama ya mnyoo mkubwa, hicho hakijali saa. Kikisema hamna, bado uoshe mguu.

#38 Korosho Ghafi

Mabusha nayo yanapimwa hivyohivyo? Namuulizia mjomba.